SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: ULINZI WA ZAMU NA USALAMA WA NYUMBA ZETU WAKATI WA MAVUNO



Mkulima wa ufuta wa Nanjirinji au Kiranjeranje hushika jembe tangu mvua za mwanzo wa mwaka hata mwezi wa Mei na Juni anapovuna. Hupanda, hupalilia, hukata, husimamisha matita yakauke, kisha hukung'uta na kupepeta. Baada ya hayo gunia mbili tatu huwekwa chumbani kungoja siku ya kupelekwa kwenye ghala la chama. Usiku mmoja tu watosha kuipoteza kazi ya miezi mitano.

Somo hili limekusudiwa lisomwe kwa sauti katika mkutano wa wanachama, kisha lijadiliwe kwa maswali yaliyo mwishoni. Katibu asilisome peke yake na kulifungia kabatini.

1. Kwa nini jambo hili lituhusu

Wako watakaosema kwamba wizi ni kazi ya polisi, na chama cha ushirika kazi yake ni kukusanya mazao na kuyauza. Hoja hiyo haitoshi. Kwanza, mwanachama aliyeibiwa hana cha kuleta chamani. Hawezi kulipa deni la pembejeo, wala chama hakipati ushuru wake. Pili, mazao yaliyoibwa huuzwa nje ya mnada kwa bei ya kutupa, na hivyo huwatia nguvu walanguzi wanaotuvunjia soko. Tatu, misingi ya ushirika iliyothibitishwa na Muungano wa Vyama vya Ushirika wa Kimataifa mjini Manchester mwaka 1995 ni saba, na wa saba wautaka ushirika uijali jamii unamoishi. Kijiji kisicholala usingizi hakiwezi kuwa na chama chenye nguvu.

2. Mwizi huja lini

Wizi wa majumbani hauji ovyo. Una kalenda yake, nasi yatupasa kuijua. Katika pwani yetu, toka Somanga hata Mchinga, ziko nyakati nne za hatari:

(a) Wakati wa kuhamia shamba. Jamaa nzima huenda kulala dunguni kulinda mazao na wanyama, na nyumba ya kijijini hubaki tupu majuma kadhaa.

(b) Wakati mazao yamo nyumbani kabla ya kupimwa: ufuta katikati ya mwaka, na korosho kuanzia mwezi wa Oktoba.

(c) Siku za malipo. Bei ya mnada hutangazwa hadharani, na kila mtu hujua ni lini fedha zitaingia benki. Mkulima anayeteremka kwenye basi Nangurukuru akitoka Masoko kuchukua fedha zake ajue kwamba hakutazamwa na jamaa zake peke yao.

(d) Nyakati za mikusanyiko: arusi, ngoma za jando na unyago baada ya mavuno, na saa za tarawehe katika mwezi wa Ramadhani, ambapo mtaa mzima huwa umetoka.

Chama chenye busara huanza ulinzi kabla ya nyakati hizo. Methali ya siku za mwizi arobaini ni kweli, lakini tukimngoja hata siku ya arobaini atakuwa amekwisha kutufilisi siku thelathini na tisa.

3. Nyumba yenyewe

Mwenye nyumba ndiye mlinzi wa kwanza. Nyumba nyingi za kwetu ni za miti na udongo zilizoezekwa makuti au bati. Mwizi wa nyumba hizo aghalabu haupigi mlango wa mbele teke. Hupita uwazi ulio kati ya ukuta na paa, au hutoboa ukuta wa uani, ambako udongo umelowa maji ya kuogea na kulegea. Basi fanyeni haya:

– Zibeni uwazi wa juu ya ukuta kwa fito zilizofungwa barabara. Sehemu ya uani iliyolowa ikandikwe upya kila mwaka.
– Angalieni bawaba za mlango. Zikiwa upande wa nje, kufuli la bei yoyote ni kazi bure, kwani mlango utang'olewa upande wa pili. Usiku tieni pingo la mti kwa ndani.
– Fyekeni kichaka kilicho karibu na dirisha. Msiache nje ngazi, mchi, shoka wala jembe, maana mwizi hupenda kutumia zana za mwenye nyumba.
– Magunia yasiwekwe chumba cha nje wala chini ya dirisha. Yatiwe alama ya mwenyewe kwa rangi, nayo iandikwe pia katika daftari la chama.
– Fedha zisifichwe ndani ya godoro, chungu au dari. Mahali hapo mwizi hupajua kuliko watoto wa nyumba. Ziachwe benki au katika chama cha akiba na mikopo, zitolewe kwa kiasi cha haja. Anayehifadhi fedha katika simu asimpe mtu yeyote namba yake ya siri, hata awe mpwawe.

Wazee wetu wa Kivinje walijenga nyumba zenye milango mizito ya kunakshiwa, lakini mbele ya mlango waliweka baraza. Waliokaa barazani jioni walimjua kila apitaye: mwana wa nani, anakwenda wapi, kwa nini amepita mara mbili. Hata ukuta mnene hauna faida bila watu. Wareno walianza kujenga ngome yao Kilwa Kisiwani mwaka 1505, na mwaka 1512 wakaiacha na kuondoka zao.

4. Ulinzi wa pamoja: tulikotoka

Ulinzi wa wananchi si jambo geni nchini. Katika miaka ya 1960 TANU iliunda mashina ya nyumba kumi kumi, na mojawapo ya kazi za mabalozi wake ilikuwa kuwajua wageni na kutunza amani. Mwongozo wa mwaka 1971 ulihimiza mgambo, na mwaka 1975 sheria iliwapa mgambo uwezo wa kukamata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi wa mikoa ya Shinyanga na Tabora walichoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi, wakaunda sungusungu. Mtu aliyeibiwa alipiga yowe, kijiji kikaitikia, na kijiji cha pili kikapokea. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuyatambua majeshi hayo ya jadi. Na baada ya mwaka 2006, Jeshi la Polisi lilianza kueneza mpango wa polisi jamii na ulinzi shirikishi.

Historia hiyo ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wizi ulipungua pale ambapo kila nyumba ilitoa mtu. La pili ni kwamba pale ambapo walinzi walijifanya mahakimu, wakapiga watu na kutoza faini kwa dhuluma, wananchi waliwaogopa walinzi kama walivyowaogopa wezi. Tuchukue la kwanza, tujiepushe na la pili.

5. Namna ya kuunda ulinzi wa zamu

Hatua ya kwanza ni mkutano wa kitongoji unaoitwa na mwenyekiti wake. Chama cha ushirika kisijitwalie madaraka hayo. Kazi yake ni kushawishi, kusaidia na kutunza hesabu. Tangu nchi ilipoingia vyama vingi mwaka 1992, ulinzi hauwezi kuwa wa chama kimoja cha siasa, wala haufai kuwa wa msikiti au kanisa moja. Mwizi haulizi kadi.

Hatua ya pili ni kumwarifu ofisa mtendaji wa kijiji na polisi wa kata, na kuwapelekea orodha ya majina ya walinzi. Mtu mwenye rekodi ya ugomvi, au anayelewa, asiandikwe.

Hatua ya tatu ni kupanga zamu kwa haki. Tuchukue mfano. Kitongoji kina watu wazima 42 wenye nguvu. Tukiweka walinzi 6 kila usiku, kila mtu atalinda usiku mmoja katika juma. Watatu walinde toka saa 4 usiku hata saa 7, na watatu toka saa 7 hata saa 11 alfajiri. Wasiwe chini ya watatu, ili mmoja akikimbilia msaada wabaki wawili. Wazee, wagonjwa na wajane wasilazimishwe kutembea usiku. Wanawake wengi huwafahamu wageni wa mtaani kabla ya mtu mwingine yeyote, basi wawemo katika kamati, wasiishie kupika chai.

Hatua ya nne ni vifaa na ishara. Tochi mbili, filimbi tatu na daftari moja vyatosha kuanzia. Ishara iwe moja na ijulikane kwa wote, kwa mfano filimbi tatu ndefu. Aisikiaye awashe taa, apige yowe, atoke pamoja na jirani yake. Asitoke peke yake. Namba ya polisi wa kata na namba ya dharura 112 ziandikwe kwenye mlango wa ofisi ya chama.

Hatua ya tano ni fedha, na hapa mkaguzi hana budi kusema kwa mkazo. Nyumba 40 zikichanga shilingi 500 kila mwezi, zapatikana shilingi 20,000 za betri na mafuta ya taa. Kila mchango utolewe stakabadhi na usomwe mkutanoni. Chama kikitaka kuchangia, jambo hilo lipitishwe na mkutano mkuu na kuingizwa katika makisio. Ni marufuku kukata fedha ya ulinzi katika malipo ya mkulima bila azimio. Ulinzi mwingi umekufa kwa shaka juu ya fedha kabla ya kufa kwa uchovu.

6. Mipaka ya mlinzi

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, lakini humtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Haimruhusu kumpiga, kumfunga kamba siku mbili, wala kumtoza faini. Anayemwua mwizi aliyekwisha kukamatwa hushtakiwa kwa mauaji kama muuaji mwingine. Tena gizani mtu hukosea. Huenda yule anayekimbia ni kijana aliyekuwa akirudi kuvua, akaogopa filimbi.

Walinzi wakikuta nyumba imevunjwa, wasiingie ndani wala wasishike kitu mpaka polisi wafike. Waandike saa, mahali, na majina ya waliokuwapo.

7. Ghala la chama: kikulacho ki nguoni mwako

Niliwahi kupelekwa kukagua chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilichopotelewa na magunia 11 ya ufuta. Mlinzi alikuwa ameshutumiwa, akalala mahabusu siku tatu. Nilipolitazama kufuli nililikuta zima, bila alama ya nyundo. Nikauliza funguo. Zilikuwa tatu: moja ya katibu, ya pili ya mtunza ghala, na ya tatu ilikuwa kwa mtu aliyekwisha acha kazi mwaka uliotangulia, wala hakuna aliyekumbuka kuidai. Nikaomba daftari la ghala. Lilikuwa halikuandikwa kwa siku 19. Kwa hiyo hapana aliyeweza kuthibitisha kama magunia yale 11 yaliibwa siku hiyo, au siku nyingine, au kama yaliingia ghalani kabisa.

Mlinzi aliachiwa kwa kukosa ushahidi. Lakini hakurudi kazini, na wako majirani ambao hata leo hawamwitikii salamu sawasawa. Wakulima walipoteza magunia 11. Yeye alipoteza jina lake, kwa sababu ya kurasa ambazo mtu mwingine hakuziandika.

Basi Ndugu Makatibu: ghala liwe na makufuli mawili, na funguo zake zishikwe na watu wawili tofauti. Mtumishi akiacha kazi, kufuli libadilishwe siku ile ile. Daftari liandikwe kila jioni, magunia yahesabiwe mbele ya mjumbe wa bodi, na mlinzi atie sahihi hesabu anayoipokea. Daftari hilo humlinda mlinzi naye.

8. Kufunga soko la mwizi

Mwizi wa ufuta haibi ili aule. Lazima apate mnunuzi, na mnunuzi wa mali ya wizi ni yule yule wa kangomba, anayepima kwa kopo usiku na kulipa bila kuuliza mzigo umetoka wapi. Mwanachama anayemwuzia debe moja kwa sababu ya shida ya siku moja amemfungulia mwizi duka. Kupokea mali ya wizi hali unajua ni kosa la jinai. Mwenye shida aje chamani mapema. Na chama kiwe na utaratibu wa kupima mazao upesi, ili magunia yasikae chumbani kwa mkulima majuma mawili kwa kukosa mizani.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kitongoji chetu, nyumba zipi hubaki tupu wakati wa kuhamia shamba, na nani atazitazama?
2. Funguo za ghala letu ni ngapi, na kila mmoja unashikwa na nani usiku huu?
3. Mara ya mwisho daftari la ghala liliandikwa siku gani? Katibu alilete mkutanoni.
4. Tukisikia filimbi tatu leo usiku, je, tumekwisha kukubaliana la kufanya?

Chama kitakachoshindwa kujibu swali la pili na la tatu kisingoje mkaguzi. Kianze jioni hii kuhesabu magunia.