Kilomita 50 za Zege

Kukimbia mbio ndefu ili kuchangia matibabu si jambo geni kwetu. CRDB Bank Marathon imechangisha fedha za matibabu ya moyo ya watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Lakini kule kuna wadhamini. Mwanafunzi ana raba, simu, na wenzake wanaosubiri boom. Somo hili ni la huyo.

Mgonjwa wetu ni mama mdogo. Yuko Mawengi, Ludewa, na figo zake zimefeli. Kusafisha damu kwa mashine kwa kawaida ni mara 3 kwa wiki, na hakuna kumaliza dozi labda mtu apandikizwe figo, huduma iliyoanza Muhimbili mwaka 2017 na Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Sasa piga hesabu: mbio ni za siku moja, ugonjwa ni wa kila wiki. Ukiwaambia watu "tumtibu mama" umeahidi kitu ambacho mbio haziwezi kukilipa.

Kwa hiyo tulitafuta kipande chenye mwisho. Mashine yake ililipiwa na bima, ila ilikuwa Mbeya. Kutoka Mawengi unapita Njombe, halafu Makambako, ndipo ushike barabara ya Mbeya. Hakuna mgonjwa wa kwenda na kurudi hivyo mara 3 kwa wiki. Alihitaji chumba karibu na hospitali, chakula, na mtu wa kukaa naye. Kodi ya miezi 6 ina bei, ina mwenye nyumba na ina risiti. Hiyo ndiyo tuliyoiandika juu ya karatasi ya michango.

Njia ilikuwepo tayari: Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50 za zege katika barabara ya Itoni–Ludewa–Manda. Hiyo inazidi marathoni kamili, ambayo ni kilomita 42.195. Tukaigawa kwa watu 5, kila mmoja 10, kwa kupokezana. Wapo waliosema huko ni kukwepa. Mimi naona anayejiua barabarani kwa ajili ya mgonjwa anaipa familia mgonjwa wa pili, tena UE zipo mlangoni.

Mazoezi yalichukua wiki 12, siku 4 kwa wiki. Mwendo ni ule ambao bado unaweza kuongea sentensi nzima; ukianza kuhema neno moja moja, punguza. Siku moja ya wiki ni ya mbio ndefu, na unaongeza kilomita moja tu. Zege halina huruma na magoti, hivyo siku nyingi tulikimbia kwenye udongo. Watu wanaogopa kupanda, kumbe kushuka ndiko kunakokata mapaja, na maumivu yenyewe yanakuja kesho yake. Halafu baridi ya Julai kule juu inadanganya: hujioni ukitoka jasho, unasahau kunywa maji.

Upande wa fedha, gawanya kilomita. Shilingi 100 kwa kilomita ni 5,000 kwa njia nzima, na hiyo hata mtu wa hosteli anaimudu. Terry Fox wa Kanada, aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, alifanya hesabu ya namna hiyo mwaka 1980: dola 1 kwa kila Mkanada. Alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, akasimamishwa na saratani iliyofika mapafuni. Michango haikusimama naye. Ndiyo maana karatasi yetu ilisema wazi kwamba ahadi inabaki hata mkimbiaji akiishia njiani.

Simu ya kupokelea michango alishika binamu asiyekimbia, na kila Jumapili jumla iliwekwa kwenye grupu, pamoja na waliotoa 500. Kodi ililipwa moja kwa moja kwa mwenye nyumba.

Kabla ya yote hayo, lakini, tulimuuliza mwenyewe. Mama mdogo alikubali ugonjwa utajwe. Picha ya kitandani akakataa: "Mimi si tangazo, wanangu." Tukatumia picha yake akiwa shambani, ameshika jembe. Kuna jamaa alidai ya kitandani ingeleta hela nyingi zaidi. Pengine. Hatukuipiga.