SOMO LETU: RUPIA ILIYOTOBOKA



Mama mmoja mjane wa hapa Ramadhani alitujia Jumapili moja baada ya ibada, amefunga kitu katika pindo la khanga. Alipofungua fundo tuliona sarafu nyeusi, yenye tundu karibu na ukingo. Aliikuta katika sanduku la marehemu mama mkwe wake.

Watu wawili walikuwa wamekwisha kumshauri. Kijana wa jirani alimwambia, "Mama, hiyo imetoboka, haifai kitu, wape watoto wachezee." Mtu mwingine, aliyekutana naye stendi ya Makambako, alimwambia kwamba hiyo ni rupia ya Mjerumani na thamani yake ni mamilioni, ila kwanza atoe shilingi laki tatu za "kuipimisha", ndipo mnunuzi atakapokuja. Mama alikwisha pata mtu wa kumnunua nguruwe wake wa kuzalia ili apate hizo laki tatu. Alituuliza, "Mwalimu, yupi asemaye kweli?"

Tulimwomba asimwuze nguruwe mpaka tuipime sarafu. Kwa kuwa twajua kwamba sarafu za namna hii zimo katika masanduku mengi ya wazee wetu, tumeona vema kuandika hapa jinsi tulivyofanya.

1. Kuijua sarafu

Kabla ya kupima, yatupasa kujua kitu tunachokipima. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890, kwa kufuata rupia ya Kihindi iliyokuwa ikitumika pwani. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilianza kutoa sarafu zake yenyewe, na rupia moja ikagawanywa kuwa heller 100. Neno letu "hela" limetoka huko.

Upande mmoja wa rupia hizo kuna Kaisari Wilhelm wa Pili, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi ya Kilatini GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili wa zile za serikali kuna jina DEUTSCH OSTAFRIKA, neno RUPIE, mwaka, na herufi ndogo ya kiwanda: A ni Berlin, J ni Hamburg. Rupia mpya ilikuwa na uzito wa gramu 11.66 na upana wa milimita 30 hivi. Katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni fedha tupu, nazo zilizobaki ni shaba.

Tusidanganyike na mwaka peke yake. Reale ya Maria Theresa, ambayo babu zetu wa pwani waliifahamu sana, ina mwaka 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huo huo hata karne ya 20. Nayo shilingi ya Mwingereza iliyotolewa kuanzia 1921 hadi 1946, ingawa yaonekana nyeupe, fedha yake ni robo tu.

2. Mambo yasiyo vipimo

Wapo wasemao kwamba rupia ya kweli huvuta punje za mchele. Jambo hili si kweli. Fedha haivuti mchele, wala sumaku haivuti fedha. Ukiona punje zinavutwa, ujue zimechezewa, au sarafu imechezewa.

Pia tusiisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala dawa ya kung'arisha. Weusi ule ni wa kawaida kwa fedha iliyokaa miaka mingi. Ukiusugua unaondoa na alama za sarafu, na wanunuzi wa sarafu za kale hupunguza bei mara wakiona mikwaruzo. Tuishike ubavuni kwa vidole viwili.

3. Vipimo vyenyewe

Kwanza, macho. Tulitumia kioo cha kukuzia. Maandishi ya sarafu iliyopigwa kiwandani yana kingo kali, hata kama yamelika kwa kutumika. Sarafu ya bandia iliyomiminwa katika kalibu huwa na vitundu vidogo vya hewa, maandishi yaliyovimba, na mara nyingi mstari wa kiungo unaozunguka ubavuni. Ubavu wa rupia una mistari midogo iliyosimama, sawasawa kuzunguka pande zote. Ile ya mama ilikuwa nayo. Tulisoma mwaka 1911 na herufi J. Tena tulichungulia ndani ya tundu: rangi ilikuwa moja mpaka katikati. Sarafu ya shaba iliyopakwa fedha ingeonyesha wekundu au manjano pale ilipotobolewa.

Pili, sumaku. Haikunasa. Lakini kipimo hiki hukataa tu, hakithibitishi. Shaba nayo hainasi.

Tatu, uzito na maji. Tulikwenda kwa sonara mwenye mizani isomayo sehemu za gramu. Sarafu ilikuwa na gramu 11.30. Upungufu huo haukutushangaza, maana tundu limeondoa kidogo na kutumika kumeondoa kidogo. Kisha tuliweka kikombe cha maji juu ya mizani tukairudisha kwenye sifuri. Tuliifunga sarafu kwa uzi, tukaizamisha yote bila kugusa chini wala pembeni, tukahakikisha haina mapovu. Mizani ilisoma 1.10. Hesabu yake ni hii: 11.30 kugawanya kwa 1.10 ni 10.27. Fedha ya rupia huwa karibu na 10.3. Shaba ya manjano huwa kama 8.5, na mchanganyiko wa shaba na nikeli 8.9. Risasi hupita 11.

Mama alicheka alipoona kwamba tundu lile lililodharauliwa ndilo tulilopitishia uzi.

4. Thamani yake

Vipimo vyote vilikubaliana: rupia ni ya kweli. Je, thamani yake ni nini? Hapa kuna mambo mawili, tusiyachanganye.

Moja ni thamani ya fedha iliyomo. Gramu 11.30 mara 0.917 ni kama gramu 10.4 za fedha tupu. Zidisha kwa bei ya gramu siku hiyo, utapata thamani ya madini. Kwa bei za siku hizi ni maelfu ya shilingi, wala si mamilioni. Haifikii hata ile ada ya laki tatu.

La pili ni thamani kwa wakusanyaji. Hao hutazama uchache wa sarafu na hali yake. Rupia mbili za mwaka 1893 na 1894 ni adimu, na ikiwa safi hutafutwa sana. Lakini rupia moja ya 1911 yenye J ilitengenezwa kwa wingi, na tundu huiondolea sehemu kubwa ya bei ya wakusanyaji. Tundu haliifanyi kuwa ya bandia. Fedha yake yabaki pale pale. Wenye tamaa ya sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, yenye picha ya tembo, wajihadhari zaidi, kwa kuwa mifano yake ya bandia ni mingi.

Basi kijana alikosea, na mtu wa stendi alikosea zaidi. Mnunuzi wa haki hulipa. Hamtozi mwuzaji fedha mbele. Mama alipompigia simu na kumwambia sarafu imekwisha pimwa, uzito wake unajulikana, na aje na mnunuzi nyumbani mbele ya mzee wa kanisa, alikata simu. Hakupiga tena.

Nguruwe yuko bandani. Rupia nayo imerudi sandukuni, kwa sababu mama alikumbuka maneno ya mkwewe kwamba aliivaa shingoni alipokuwa msichana. Bei ya jambo hilo sonara hawezi kuitaja, na mama hajataka kuiuza.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Nyumbani kwetu kuna sarafu gani za zamani? Tunajua nani aliziacha?
2. Kwa nini sumaku peke yake haitoshi kuthibitisha fedha?
3. Sarafu yenye gramu 11.50 imesukuma maji ya gramu 1.35. Je, ni fedha?
4. Tusome Luka 15:8-10. Yule mwanamke aliwasha taa na kufagia kwanza. Sisi tunapoambiwa habari ya mali ya ghafla, twawasha taa gani kabla ya kuuza tulicho nacho?