SOMO LA WIKI: BUNDUKI YA PANDE MBILI

Kusoma: 1 Samweli 24; Warumi 13:1-7; Matendo 5:27-32

Katika ibada ya vijana, kijana mmoja aliniuliza swali nikashindwa kulijibu papo hapo. "Pastor, hapa Meru tunamwita Musa Mwariama shujaa. Alipigana na serikali msituni. Alitenda dhambi?" Tangu maandamano ya Juni 2024 maswali kama haya hayaishi, na si vizuri kumfukuza kijana kwa mstari mmoja wa Warumi 13.

Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watu wetu wa Meru na Embu waliingia msitu wa Mlima Kenya, na walikuwa na sababu. Serikali ile haikuchaguliwa nao, wala haikuwasikiza. Mimi sitapanda madhabahuni kuwahukumu wazee wale.

Lakini kuna watu tunaowasahau: ndugu wa Uamsho, wale wa Tukutendereza, hasa kule Murang'a na Kiambu. Walikataa kiapo. Walisema wameshaoshwa kwa damu ya Yesu, hawawezi kunywa nyingine. Wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Halafu serikali nayo ikawaambia, basi nyinyi ni wetu, shikeni bunduki muwe homugadi. Na hapo pia wako waliokataa! Msituni waliitwa wasaliti, na kwa bwana DC wakashukiwa. Ukisoma Warumi 13 uwakumbuke hao. Kutii mamlaka si kuiazima mikono yako imuue jirani.

Sasa tumwangalie Daudi. Alikuwa na watu kama 600 wenye silaha. Sauli akaingia pango lile lile, peke yake. Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata huo ukamchoma moyo. Lakini angalia vizuri: hakurudi ikulu kuomba msamaha. Alimfuata nje, akamwambia kosa lake mbele ya jeshi lake, kisha akaendelea kukaa mbali naye.

Mtu ataniuliza, na Ehudi je, aliyemuua mfalme Egloni katika Waamuzi 3? Ni kweli, Mungu alimwinua. Andiko hilo ni gumu, silifichi. Ila mimi nasimama Gethsemane. Kama kuna mtu aliyestahili kutetewa kwa upanga ni Yesu usiku ule, na Petro aliambiwa aurudishe alani.

Mwariama alitoka msituni mwaka 1963, akapokewa na Mzee Kenyatta. Mwenzake Baimungi alirudi msituni na watu wake, wakilalamika kwamba waliopigania ardhi hawakuipata. Januari 1965 aliuawa na askari wa Kenya huru. Bendera ilikuwa imebadilika, shamba bado.

Kwa hiyo nilimrudia yule kijana nikamwambia: kataa agizo ovu, kama wale wakunga wa Misri. Nenda kortini. Beba bango. Ukifungwa, tutakuja kukuona na chakula. Bunduki usishike, wala ya msituni wala ya chifu. Akaniuliza, "Na wakinipiga risasi nikiwa na bango?" Nikanyamaza kidogo. Nikamwambia tutakuzika kama mtoto wetu, na tutamtaja aliyekuua kwa jina, hapa hapa kanisani.

Kwa vikundi vya nyumbani: Nyumbani kwenu mlisimuliwa nini juu ya miaka ile? Kuna jamaa ambaye hadi leo hamsalimiani kwa sababu yake?