Lenzi mpya ikiwa ngumu kuzunguka: tuichunguze kabla ya kuilazimisha



Katika toleo hili tunarudi kwenye somo la kamera, kwa sababu vikundi vya picha vimetuletea swali lilelile zaidi ya mara moja. Lenzi ni mpya, imetoka kwenye kartoni yake, lakini pete ya fokasi haizunguki vizuri. Wengine wanasema ni nzito, wengine wanasema inakwaruza kama ina mchanga ndani, wengine inawakatalia kabisa. Swali linaonekana dogo, lakini sisi tuliona kwa macho yetu jinsi lilivyokaribia kuvunja kamati moja nzima.

Ilikuwa mwaka 2023, katika kambi mojawapo nje ya mji wa Goma. Kamati ya picha ilikuwa na vijana wa familia za wakimbizi wa ndani pamoja na vijana wa wenyeji, na kamera ilikuwa moja kwa wote. Walipiga picha za mikutano ya upatanisho, na pia picha za watoto waliopoteana na wazazi wao, kwa idhini ya wanaowalea. Lenzi mpya tuliinunua sisi. Tuliikabidhi Ijumaa jioni, kwa haraka, bila mafunzo yoyote, kwani gari lilikuwa linatungoja.

Jumatatu tuliporudi tulikuta maneno. Lenzi ilikuwa imekaa kwa kijana mmoja mkimbizi, na sasa pete ilikuwa haizunguki. Vijana wawili wa wenyeji walisema ameiharibu, na kwamba kitu cha watu wote hakifai kulala kwa wageni. Mama wa kijana akajibu kwamba mwanawe anashitakiwa kwa sababu ya kijiji alichotoka. Watu walikuwa wamekwisha kugawanyika mafungu mawili, na hakuna aliyekuwa ameishika lenzi mkononi kuitazama.

Mzee mwenyekiti akamuuliza, “Mwanangu, uliilazimisha?”

“Hapana, mzee. Ilikataa tangu siku ya kwanza. Niliogopa kusema, maana ni mpya.”

Pete ya fokasi inafanya kazi gani?

Ndani ya lenzi kuna vioo kadhaa. Ili uso wa mtu uonekane wazi bila ukungu, vioo hivyo lazima visogee mbele au nyuma kidogo sana. Katika lenzi nyingi za kuzungusha kwa mkono, kazi hiyo inafanywa na mabomba mawili yenye mitaro kama ile ya kifuniko cha chupa na shingo yake: ukizungusha, bomba moja linapanda au linashuka ndani ya jingine. Kati ya mitaro hiyo kiwanda kinapaka grisi nzito. Grisi hiyo imewekwa kwa makusudi, ili pete isiteleze ovyo na mkono uweze kusimama mahali unapotaka.

Kwa hiyo uzito peke yake si ugonjwa. Lenzi mpya ya aina hiyo mara nyingi ni nzito kuliko iliyozoeshwa, na asubuhi za baridi grisi huganda zaidi. Wenzetu wa milima ya Masisi na Lubero wanalijua hili bila kufundishwa. Ishikeni lenzi mikononi kwa dakika chache ipate joto la mwili, kisha zungusheni pete polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, mara ishirini hivi, bila nguvu. Ikiwa uzito ni uleule njia yote na unapungua kidogo kidogo siku zinavyopita, lenzi ni nzima. Msiiweke juani wala karibu na mbabula kuipasha moto.

Kumbukeni pia kwamba katika lenzi nyingi pete ina mwisho pande zote mbili. Upande mmoja ni wa vitu vya karibu, na upande wa pili ni wa vitu vya mbali kabisa, penye alama inayofanana na nane iliyolala. Pete ikifika hapo inasimama, na huko si kukwama. Tumewahi kumkuta kaka mmoja akiisukuma kupita mwisho wake akidhani imeshikwa na kutu.

Swichi ndogo inayosahauliwa

Hii ndiyo sababu ya kwanza tunayowaomba muitafute pete ikikataa. Lenzi nyingi za leo zina njia mbili: kamera kutafuta fokasi yenyewe kwa mota, au mtu kuitafuta kwa mkono. Swichi huandikwa AF na MF, au A na M. Katika lenzi kama ile ndogo ya Canon ya milimita 50 iliyotolewa mwaka 1990 (EF 50mm f/1.8 II), ambayo bado inazunguka sana mikononi mwa watu kwa sababu ya bei yake, swichi ikiwa kwenye AF pete imeungana na gia za mota. Ukiizungusha kwa mkono unapigana na gia hizo, na meno yake yanaweza kuvunjika. Lenzi za Nikon za zamani zinazoendeshwa na mota iliyo ndani ya kamera zina ubishi huohuo, ila swichi yake iko kwenye kamera, pembeni ya mahali lenzi inapofungwa. Lazima iwekwe kwenye M kwanza.

Zipo lenzi nyingine zinazoruhusu kuzungusha hata mota ikiwa tayari, kama zile za Nikon zenye maandishi M/A. Na zipo ambazo pete yake inatuma habari kwa umeme tu, kama zile za Canon zenye jina STM: kamera ikizimwa, pete inazunguka bure na hakuna kinachosogea. Hivyo msihukumu lenzi moja kwa tabia ya nyingine. Someni karatasi iliyomo kwenye kartoni, hata kama ni ya Kifaransa au Kiingereza. Mwalimu wa shule atawasaidia.

Kosa jingine ni la vidole. Katika lenzi nyingi za bei nafuu zinazokuja pamoja na kamera, sehemu ya mbele huzunguka yenyewe wakati mota inatafuta fokasi. Mpiga picha akiishika hapo, anaizuia bila kujua.

Katika mkutano wetu tuliiweka lenzi mezani mbele ya watu wote. Swichi ilikuwa kwenye AF. Binti mmoja wa wenyeji aliisogeza kwa ukucha, na pete ikazunguka. Kukawa kimya. Lakini hatukumaliza hapo, maana kijana alisema, “Sikilizeni,” akaizungusha tena karibu na masikio yetu. Karibu na alama ya mita 1 ilikuwa inakwaruza.

Ikikwaruza

Mkwaruzo si sawa na uzito. Mkono unasikia punje, na wakati mwingine sikio pia. Maana yake mara nyingi ni kwamba vumbi limeingia. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ilipita ndani ya mji Januari 2002, ikashuka tena Mei 2021. Mawe hayo yakisagwa na magari yanatoa vumbi jeusi lenye punje ngumu, na wakati wa kiangazi linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Likichanganyika na grisi ya lenzi, linasaga mitaro polepole kama msasa.

Na hapa tunakiri. Ijumaa ile tuliijaribu lenzi hiyo kando ya barabara, kofia zake zikiwa zimefunguliwa, na malori yakipita. Hatuwezi kuapa kwamba punje ziliingia saa ile, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi nzuri kuliko sisi ya kuziingiza. Tulilisema mbele ya mkutano. Mama wa kijana hakutujibu kitu, alifunga tu kitenge chake vizuri akakaa.

Mkisikia mkwaruzo, acheni kuzungusha. Elekezeni lenzi chini, mfute nje kwa brashi laini kavu, na mpulize kwa mpira mdogo wa kupuliza hewa, siyo kwa mdomo, kwani mate yana unyevu. Msiende kwa fundi wa matairi awapulizie kwa mashine yake. Hewa ile ina nguvu nyingi, ina maji na mafuta, na itasukuma punje ndani zaidi.

Zaidi ya yote, msitie mafuta. Tumeona watu wakitaka kutia ya cherehani, ya baiskeli, hata mawese. Mafuta mepesi hayakai kwenye mitaro. Yanatembea hadi kwenye vibati vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga, vibati vinashikana, na vioo vinapata ukungu wa ndani usiofutika. Hapo lenzi iliyokuwa na kasoro ndogo inakuwa ya kutupwa.

Pete ikishikwa mahali pamoja tu, kila mara palepale, fikirieni kuanguka au skrubu iliyolegea. Tazameni ukingo wa mbele kama una mbonyeo. Tazameni pia vichwa vya skrubu: vikiwa na mikwaruzo, kuna mtu aliyewahi kuifungua, na lenzi mliyouziwa kama mpya huenda ni ya zamani iliyokauka grisi. Msiifungue. Irudisheni kwa muuzaji pamoja na risiti na kartoni, mapema, kwani lenzi iliyofunguliwa na mnunuzi kwa kawaida hupoteza dhamana.

Wakati mkingoja fundi

Kazi haina haja ya kusimama. Mota ikiwa nzima, itumieni. Kama mota nayo imekataa, acheni pete mahali ilipo, kisha mpiga picha asogee yeye mwenyewe hatua ndogo mbele au nyuma hadi macho ya mtu yaonekane wazi. Kuna mwanga wa kutosha? Wekeni tundu kwenye f/8. Sehemu inayoonekana wazi itakuwa ndefu zaidi na kosa dogo la umbali litasamehewa. Baada ya kila picha ya mtoto, ikuzeni kwenye kioo cha kamera na mtazame kope. Baada ya mwaka 1994, katika kambi za Goma na Bukavu, watoto wa Rwanda waliotengana na wazazi walipigwa picha, na picha hizo zikaonyeshwa kwa watu ili ndugu wawatambue. Wengine walikuwa wadogo mno kutaja jina lao. Uso ndio uliokuwa jina. Uso wenye ukungu, mama anaweza kuupita.

Kamati ile ilianzisha daftari. Kila kamera inapobadilisha mkono, watu wawili, mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji, wanazungusha pete pamoja na kuandika wanachosikia. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilifungwa na familia zikatawanyika. Daftari lilisafiri ndani ya mfuko wa kamera. Tuliliona tena baadaye, na ukurasa wa kwanza bado unasomeka, kwa mwandiko wa kijana yule: “Pete inakwaruza kidogo karibu na mita 1. Ilikuwa hivyo tulipoipokea.”