Maktaba ipo, kompyuta haioni: maswali yenu kuhusu kukompaili programu za kisayansi

Barua zenu nimezisoma zote. Nyingi zimetoka huku huku kwetu, Usevya, Kibaoni na Majimoto. Nyingine Mpanda mjini na Inyonga, na chache Sumbawanga. Walioandika ni wanafunzi, wapimaji wa visima, maofisa ugani, na vijana wanaowasaidia watafiti wa viboko pale Ikuu, kiangazi Mto Katuma unapokauka. Sitaeleza Linux ni nini wala terminali inafunguliwaje. Nimechagua maswali yanayoniudhi na yanayonitia wasiwasi, kwa sababu programu hizi zinachakata takwimu za mvua, za maji na za wanyama, na kuna watu watakaozifanyia maamuzi.

Mwalimu, shikamoo. Maktaba nimeipakua, nimeiweka, nimeiona kwa macho yangu. Bado kompyuta inasema haipo. Shida ni nini?

Marahaba. Barua za namna hii zimezidi zote, kwa hiyo nazijibu pamoja: wa Mpanda aliyeshindwa kuweka pakeji ya sf kwenye R, wa Inyonga mwenye netCDF, na wawili wa hapa Usevya. Nyote mna wazo moja lisilo sahihi, kwamba maktaba ni kitu kimoja, ama ipo ama haipo. Hilo wazo limewapotezea watu siku nyingi kuliko kukatika kwa umeme, na leo nataka tulimalize.

Maktaba hutafutwa mara tatu. Kila mara anayetafuta ni mwingine, na anatafuta faili lingine.

Mara ya kwanza ni pale gcc inaposoma msimbo. Ikikuta mstari unaotaja netcdf.h, inataka faili hilo la maelezo na si kingine. Kwenye Ubuntu na Debian mafaili ya .h hayaji na pakeji ya kawaida; yamo kwenye pakeji yenye jina linaloishia na -dev. Ndiyo maana mwenye sf anahitaji libgdal-dev, libgeos-dev, libproj-dev na libudunits2-dev, hata kama QGIS inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ukiona "No such file or directory" na jina linaloishia .h, uko hapa.

Mara ya pili ni wakati wa kuunganisha. Sasa anayetafuta ni ld, na anataka libnetcdf.so, jina lisilo na namba. Wewe uliyeniandikia kwamba umeona libnetcdf.so.19 kwenye folda, umeona kweli, lakini hilo lenye namba silo analolitafuta ld. Lisilo na namba nalo limo kwenye -dev. Ujumbe wake ni "cannot find -lnetcdf".

Mara ya tatu ni siku ya kuendesha programu, pengine wiki mbili baadaye. gcc haihusiki tena. Kipakiaji cha mfumo, ld.so, kinatafuta faili lenye namba, na kinaangalia orodha iliyokwisha kuandaliwa. Ukiweka maktaba yako /usr/local/lib kisha usiendeshe sudo ldconfig, orodha hiyo haina habari nayo. Utaambiwa "cannot open shared object file", na utaapa kwamba ulishakompaili bila kosa lolote. Ni kweli, ulikompaili bila kosa.

Kwa hiyo kabla ya kupakua kitu kingine, soma ujumbe ujue ni nani kati ya hao watatu anayelalamika. Akiwa wa tatu, andika ldd ikifuatiwa na jina la programu yako, utazame mistari yenye "not found". Amri hiyo inachukua sekunde moja.

Msije mkaikimbilia LD_LIBRARY_PATH. Najua imeandikwa kila mahali. Ukiiweka kwenye .bashrc, kila programu unayoiendesha kwenye terminali hiyo itaanza kuchota maktaba zako kabla ya zile za mfumo. Nimeikuta kompyuta ambayo R, QGIS na hata git viligoma vyote kwa sababu ya mstari mmoja uliosahauliwa humo. Itumie kwa amri moja, kwa majaribio. Kwa kazi ya kudumu, mpe gcc chaguo la -Wl,-rpath pamoja na njia kamili ya folda yako, ili programu yenyewe ikumbuke maktaba zake zilipo.

Halafu kuna yule aliyetengeneza kiungo kwa mkono ili libproj.so.15 ielekee kwenye libproj.so.25. Ndugu yangu, kifute leo. Watengenezaji wa PROJ hubadilisha namba hiyo wanapojua kwamba programu iliyojengwa kwa toleo la zamani haiwezi tena kuliamini jipya. Programu yako ikigoma kuwaka, umepona. Ikiwaka, sitaiamini namba yoyote itakayotoa.

Nimetumiwa libc.so.6 kwenye WhatsApp ili niondoe kosa la "GLIBC_2.34 not found". Niliweke wapi?

Usilinakili popote. Karibu kila programu kwenye kompyuta hiyo, pamoja na ls, inaegemea faili hilo.

Nitumie apt au nikompaili mwenyewe?

apt, mpaka pale utakapokuwa na sababu unayoweza kuitaja.

Wakubwa wanasema ukikompaili mwenyewe programu inakwenda kasi zaidi. Nimepewa -Ofast na -march=native.

Kasi mnayoitafuta, mara nyingi imo kwenye maktaba ya hesabu za matriksi. R inayotumia BLAS ya kawaida, ukiibadilishia ikatumia OpenBLAS, utaona tofauti kubwa kwenye matriksi kubwa, na kwenye Debian hiyo ni kazi ya apt. Hukompaili chochote.

-march=native inajenga kwa ajili ya prosesa ya kompyuta uliyokalia. Ukijenga kwenye seva mpya Dodoma, ukaileta kwenye laptopu ya zamani huku Usevya, utapata "Illegal instruction" na programu itakufa hapo hapo. Hiyo angalau unaiona.

-Ofast ndiyo inayonitia hofu. Inawasha -ffast-math, ambayo inairuhusu kompaila kudhani kwamba thamani ya NaN haitatokea kamwe. Sasa R inaihifadhi NA ya namba za desimali kama aina ya NaN. Chukua daftari la mvua ambalo siku za Pasaka msomaji wa kipimo hakuwepo: siku hizo ni NA. Msimbo uliojengwa kwa -ffast-math unaweza kuondolewa kile kipengele kinachouliza "je, hii inakosekana?" na siku zisizopimwa zikaingia kwenye hesabu. Hakuna ujumbe utakaotokea. Kwa takwimu za shambani tumieni -O2.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nikiandika make -j inaganda, kisha naambiwa "Killed".

Kwa sababu -j bila namba maana yake ni kazi zote kwa pamoja, bila kikomo. Kumbukumbu inaisha, na keneli inaua mchakato mmoja ili mfumo usianguke. Andika make -j2, au make peke yake, uongeze swapu ya GB 4.

Wenye shida hii wengi wanajifunza takwimu kwa kitabu cha Richard McElreath, Statistical Rethinking. McElreath alifanya utafiti wake Usangu, Mbeya, na nafurahi kwamba kitabu chake kinasomwa huku. Jueni tu kwamba kinategemea Stan, na Stan hugeuza kila modeli kuwa msimbo wa C++ na kuikompaili upya. Hapo cc1plus, kompaila yenyewe ya C++, peke yake inaweza kumeza zaidi ya GB 1. Funga kivinjari kwanza.

Umeme ulikatika katikati ya make. Uliporudi, nikaanza tena, sasa kuna makosa yasiyoeleweka.

Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na majenereta ya dizeli, na sisi wa vijijini tunajua kazi inavyokatika njiani. make haina kumbukumbu ya ilipoishia. Inalinganisha saa za mafaili tu: kama .o ni jipya kuliko .c, inaliruka. Umeme ukikatika .o likiwa nusu, faili hilo bovu linabaki na tarehe mpya, na make inaliona zima. Endesha make clean, uanze upya. Ukitaka kuokoa muda, tafuta kwanza yale ya ukubwa sifuri kwa find . -name '*.o' -size 0 na uyafute.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi. Laptopu nyingi tulizonazo ni za mtumba, na ile betri ndogo ya saa iliyomo ndani, CR2032, ilishakufa. Kila ukizima, tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Ndipo configure inakataa kwa kusema "newly created file is older than distributed files! Check your system clock", na make inalalamika kuhusu "Clock skew". Watu wanapakua msimbo upya mara tatu, wanamaliza bando, wakati dawa ni kuandika date, kuirekebisha saa, na kununua betri.

Fundi mmoja mjini ameniambia kila kosa dawa yake ni sudo na chmod 777.

Mlipe kwa alichokwisha kufanya na usimrudishe. Ruhusa hazihusiani na maktaba iliyokosekana. Na sudo make install inamwaga mafaili kwenye mfumo bila apt kuyajua, hivyo hakuna atakayeweza kuyaondoa kwa usalama. Mpe configure chaguo la --prefix=$HOME/programu, na kila kitu kitakaa kwenye folda yako. Ukichoka nacho, unafuta folda.

Tunajaribu kujenga WRF ili tufuatilie mvua za Bonde la Rukwa. Compile ilimalizika, lakini wrf.exe haipo.

WRF, modeli ya hali ya hewa iliyokuzwa na NCAR ya Marekani na inayotumiwa pia na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ina tabia moja ambayo kila anayeianza ni lazima aijue: hati yake ya compile inaiamuru make iendelee hata makosa yakitokea. Itafika mwisho ikiwa imeshindwa mwanzoni. Hifadhi matokeo yote kwenye faili la log, kisha tafuta humo neno Error la kwanza kabisa. Mnanitumia picha ya mistari ya mwisho ya skrini, na mistari hiyo haisemi kitu.

Kwenye log za barua mbili nimeona jambo lile lile: netcdf.mod "was created by a different version of GNU Fortran". Faili la .mod ni la kompaila iliyolitengeneza na toleo lake. netCDF mliyopewa kwenye flashi ilijengwa na gfortran nyingine. Jengeni zlib, HDF5, netCDF-C, kisha netCDF-Fortran, kwa mpangilio huo, kwa kompaila moja, kwenye folda moja, na kigeu cha mazingira NETCDF kielekee hapo. Hizo netCDF mbili zilitenganishwa tangu toleo la 4.2, na mwongozo unaowaambia mjenge moja tu ni wa zamani. Wenye gfortran 10 au zaidi na msimbo wa zamani wanaosimamishwa na "Type mismatch", waongeze -fallow-argument-mismatch. Na kila maktaba ikimaliza make, endesheni make check kabla ya make install. Dakika hizo mnazoziona za kupoteza ndizo zinazoonyesha kama HDF5 yenu inaandika na kusoma namba ile ile.

Msimbo ukitoka tovuti rasmi, ni salama?

Kwa kawaida, ndiyo, na ulinganishe sha256sum. Lakini msidhani kulinganisha kunamaliza yote. Machi 2024 mtaalamu wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri kwenye xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu iliyouwasha ilikuwa ndani ya kifurushi rasmi cha kupakua na haikuwemo kwenye hazina ya git. Aliyekilinganisha kifurushi hicho na namba rasmi aliona vinafanana. Freund aliufikia kwa sababu ssh yake ilichelewa kama nusu sekunde, akaamua kuuliza kwa nini. Kwa hiyo msipuuze mabadiliko madogo, na msichukue mafaili ya .so kwenye magrupu ya Telegram hata siku moja.

Bando linaisha kabla GCC haijamaliza kushuka.

wget -c inaendelea ilipokatikia. Kwa git tumia --depth 1. Mnaofanya kazi kwa kundi, mtu mmoja apakue akiwa Mpanda: kwa kutumia Spack, amri ya spack mirror create -D inakusanya misimbo yote na vitegemezi vyake kwenye folda moja, nanyi mnajengea huku bila intaneti.

Mwongozo wa mwalimu wangu unatumia pakeji ya R iitwayo rgdal. Nimeikompaili kutoka kwenye kumbukumbu za CRAN, imekubali. Kuna maonyo tu, "Discarded datum", nimeyapuuza. Mbona visima vyangu vinaonekana mbali na vilipo?

Hii ndiyo barua iliyonifanya nikae kuandika ukurasa huu.

rgdal ilistaafishwa Oktoba 2023. Ukiijenga juu ya PROJ mpya, inakompaili, lakini inaposoma ramani ya Arc 1960 inaidondosha datumu, na hilo onyo unalolipuuza ndilo linalokuambia hivyo. Ramani zetu za zamani za Tanzania ni za Arc 1960. GPS ya mkononi inatoa WGS 84. Kwa eneo letu, lililo kwenye zoni ya 36 kusini, tofauti ya hizo mbili ni kama mita 300. Datumu ikidondoka, marekebisho hayafanyiki, na kisima kinahama mita hizo zote.

Ondoa rgdal. Weka sf. Endesha sf_extSoftVersion() uone ni GDAL na PROJ zipi inazotumia kweli, na kama ulishawahi kujenga PROJ ya pili /usr/local, iondoe, pamoja na PROJ_LIB uliyoiweka kwenye .bashrc. Andika msimbo wa EPSG 21036 kwa data ya ramani ya zamani na 32736 kwa ya GPS iliyoandikwa kwa UTM. Kisha nenda na GPS kwenye kisima kimoja unachokijua, ulinganishe na kinachotoka kwenye kompyuta. Kama ripoti ilishapelekwa, waandikie leo waliopokea, kabla mtambo wa kuchimba haujatoka Mpanda.