Songea: Ngome Yake ni Kilima

Mgeni anayekwenda Songea kutafuta kuta za mawe atazunguka bure. Wangoni, waliofika nyanda hizi katika karne ya 19 wakitokea kusini mwa Afrika, walitegemea ngao ya ngozi ya ng'ombe na mkuki mfupi kuliko ukuta. Anayetaka ukuta ateremke Iringa, aende Kalenga, kilomita kama 15 kutoka mjini. Boma la mawe la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilianguka hapo mikononi mwa Wajerumani Oktoba 30, 1894. Masalia ni machache, lakini kwa anayetoka Dar es Salaam kwa basi, Iringa iko njiani.

Songea kwenyewe, aanzie Makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge. Bajaji au bodaboda yoyote mjini inapajua. Asikimbilie picha, amwombe mwongozaji ampeleke kwanza makaburini. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi (chifu mkuu) Mputa Gama, na wengi wakafukiwa katika kaburi moja la pamoja. Mkomanile anatajwa kuwa mwanamke pekee miongoni mwao. Nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, ana kaburi la peke yake, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja hapa kuomba radhi. Ndani ya jengo kuna ngao na mikuki ya vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Ukivitazama kwa karibu, unaelewa kwa nini watu walihitaji kuamini kwamba maji ya dawa yangezuia risasi.

Kisha Chandamali. Ni kilima cha miamba ndani ya manispaa, chenye pango ambamo Songea Mbano alijificha akisakwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ndicho kivutio kikubwa kuliko vyote mjini, na wageni wengi hukiruka. Mgeni avae viatu vyenye kushika, abebe tochi na maji ya kunywa, na apande na mwenyeji. Masika mawe huteleza. Juni hadi Septemba ni pakavu, ila asubuhi za Juni na Julai hazikosi baridi, hivyo sweta ni lazima.

Siku ikibaki, abasia ya Peramiho iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898 haiko mbali.

Kumbukumbu ya mashujaa huadhimishwa kila Februari 27, kwa ngoma na mavazi ya vita. Anayeitaka siku hiyo atafute chumba mapema.