Punda wako wa kwanza: anza chini kabla ya kupanda

Unatamani kujifunza kupanda? Usisubiri farasi. Farasi ni ghali, na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi unaweza kumwua ndani ya siku chache. Punda anauhimili vizuri zaidi, na hapa Singida huhitaji kumtafuta mbali.

Nunua wawili ukiweza. Punda akiwa peke yake hunyong'onyea, hukosa hamu ya kula na huwa mgumu kufundisha. Pesa ikitosha mmoja tu, panga na jirani mwenye punda wachungwe pamoja.

Mnadani, usimtazame kwa mbali. Mfungue kinywa: meno yote ya mbele ya kudumu hutimia akiwa na miaka mitano hivi. Chini ya miaka minne, usimpande wala usimtwike. Pitisha kiganja mgongoni, taratibu, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Akishtuka au kubonyea, kuna maumivu. Nywele nyeupe zilizoota madoa madoa mgongoni ni makovu ya vidonda vya mizigo. Aliyeumia mara moja hapo huumia tena upesi. Kisha mwombe muuzaji amtembeze kwenye ardhi ngumu. Hatua zisikike sawa, zote nne.

Dai karatasi. Biashara ya ngozi ilichochea wizi wa punda kiasi kwamba Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Stakabadhi ya mnada na barua ya serikali ya kijiji vinakulinda wewe, na vinamlinda yeye.

Sasa yuko nyumbani. Wiki mbili za kwanza, usipande. Nenda kwake kila asubuhi saa ileile. Msemeshe ukiwa bado mbali, kaa ubavuni, gusa bega kwanza, halafu shingo. Uso uache mpaka akuzoee. Wanasema asante ya punda ni mateke. Mara nyingi teke ni woga wa kushtukizwa kutoka nyuma. Usipite nyuma yake kimyakimya.

Siku ya tatu au ya nne, anza kunyanyua miguu. Telezesha mkono kutoka bega hadi chini, subiri akupe mguu, ushike kidogo, uachie kabla hajauvuta. Akizoea, safisha kwato kwa kijiti butu, ukienda kutoka kisigino kuelekea mbele. Kokoto na miiba ya migunga hujificha hapo. Kwato zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi, na mwanzo mwite anayejua.

Wiki hizo mbili zina kazi nyingine kubwa zaidi: kumjua akiwa mzima. Punda huficha maumivu. Ng'ombe atalala chini na kuguna. Punda atasimama tu, kichwa kimeshuka, na wewe utadhani amechoka. Jua anavyokula, anavyosimama, kinyesi chake kikoje. Akisusa chakula, hiyo ni dharura. Mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Chakula chake ni kikavu na cha nyuzi nyingi: majani makavu, mabua ya mtama, ya uwele, ya mahindi. Najua mashudu ya alizeti yamejaa mkoani kwetu na yanavutia. Mpe konzi, basi. Pumba na mashudu mengi huleta ugonjwa wa tumbo na kuharibu kwato. Chakula cha kuku usimpe kabisa. Baadhi yake huwa na dawa ya kuzuia kuhara damu kwa vifaranga, na dawa hiyo inaweza kumwua punda. Okota pia mifuko ya plastiki uwanjani. Ataila.

Maji, sasa. Punda wengi wa Singida hubeba maji, na inaniuma kumwona aliyebeba madumu manne akiwa mwenyewe hajanywa. Mnyweshe kwanza, ndipo umpakie. Wakati wa jua kali anaweza kuhitaji hadi lita 25 kwa siku.

Usimwogeshe dawa ya kupe ya ng'ombe yenye amitrazi. Kwa punda husimamisha utumbo. Onyesha chupa yoyote kwa mtaalamu kabla ya kuitumia, na ukiwa naye muulize chanjo ya pepopunda. Jina lenyewe linakuambia ni ugonjwa wa nani.

Siku ya kupanda imefika. Jipime kwanza. Kilo 50 ndizo kikomo cha kawaida kwa punda wetu, pamoja na matandiko. Ukizidi, mwachie kijana mwepesi ampande, na wewe tumia mkokoteni. Hapo angalia: nira ya ng'ombe haimfai. Punda hana nundu. Huvuta kwa kifua. Mshonee mkanda mpana wa kifuani wenye kitambaa laini.

Kwa matandiko, jaza majani makavu kwenye magunia mawili membamba, uyashone pamoja, na uache mfereji katikati. Uzito ukae kwenye nyama za pande mbili, uti wa mgongo ubaki huru. Kamba ya tumbo iwe pana. Kamba nyembamba ya katani hukata.

Panda kutoka juu ya gogo, si kwa kumrukia. Mwenzako amshike kichwa. Kaa wima, tazama mbele, mikono laini. Dakika kumi zinatosha siku ya kwanza.

Akisimama ghafla, usimchape. Farasi akiogopa hukimbia. Punda huganda afikirie. Mpe muda atazame kile kilichomtisha. Ukimchapa, umemthibitishia kwamba pale pana hatari.

Rudini mapema. Usiku alale ndani ya boma lenye miiba ya kutosha, maana fisi wapo.

Na kabla hujamfungia, vua yale magunia ukague mgongo. Palipoloa jasho pako sawa. Sehemu iliyobaki kavu katikati ya jasho ndipo panapobanwa. Legeza majani ya upande huo usiku huohuo, ili kesho asiumie.